Ukurasa wa Tatu Unabonyezwa

Barua ya hospitali ilimkuta Mzee Soli ana msumari mdomoni na kiatu cha mtu magotini. Aliyeileta ni binti yake mwenyewe, saa nne asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa kazini, na kwa hilo tu fundi akajua mambo yameharibika kabla hajafungua bahasha. Akatema msumari. Akajipangusa mikono kwenye aproni, akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, maana shule aliiacha darasa la tano na tangu hapo yeye na herufi husalimiana kwa mbali.

Barua ilisema hivi: mfanyakazi wa chumba cha kufulia, mashine ya kukaushia namba tatu, ameunguza mashuka arobaini ya wodi kwa uzembe. Amesimamishwa kazi kuanzia leo. Atafika mbele ya kamati ya nidhamu Jumanne. Kama ana utetezi, auwasilishe masjala kwa maandishi, katika faili moja la PDF, kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, la sivyo kamati itaamua bila kumsikiliza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, waliongeza kwamba anayehitaji mkalimani aje naye.

"Aje naye," Mzee Soli alisema kwa sauti. "Wamemwajiri kiziwi miaka sita, leo mkalimani aje naye. Kama mwavuli."

Binti hakusikia. Alikuwa akimtazama mdomo. Alizaliwa anasikia vizuri tu, kisha homa ya utotoni ikaondoka na masikio yote mawili. Kazini walimwita Pasi, kwa jinsi nguo ikitoka mikononi mwake mkunjo wake ulivyokuwa mkali wa kukata mtu kidole, na jina likamfuata mpaka mtaani. Baba akaweka kidole kwenye neno "ameunguza", kisha akamwelekezea yeye na kuinua nyusi. Wewe?

Pasi akatikisa kichwa. Mikono yake ikaanza kukimbia.

Mzee Soli alishika nusu, labda pungufu ya nusu. Ukweli ni kwamba lugha ya mikono ya nyumba ile ilikuwa ya marehemu mkewe. Mama na binti walikuwa wakipiga soga jikoni kimya kimya mpaka wakicheka vifuniko vya sufuria vinadondoka, na yeye akiuliza mnacheka nini, mke humjibu, "Wewe." Tangu mama azikwe, miaka mitatu sasa, baba na binti wameishi kwa ishara chache: kula, maji, chelewa, mvua, pole. Zilitosha kuishi. Kujitetea ni habari nyingine.

Kwa kuuliza na kurudia, kisa kilitoka kipande kwa kipande. Ile mashine ni pipa kubwa linalozunguka na hewa ya moto, kuukuu kiasi kwamba haijui kujizima. Muda wa nguo ukitimia, kengele hulia na taa nyekundu ukutani huwaka, na mtu ndiye anayezima. Wenzake husikiliza kengele. Pasi hupiga pasi sare za wauguzi huku jicho moja liko kwenye taa. Taa ikafa. Jirani yake wa mashine namba mbili, Mama Mapacha, akawa akimgusa bega kila kengele ilipolia, na wiki mbili zikaenda hivyo. Jana msimamizi, Bwana Funguo, akamtuma Mama Mapacha wodini kubeba nguo chafu. Kengele ililia peke yake. Pasi alikuja kushtushwa na moshi.

"Nani alijua taa imekufa?" baba aliuliza kwa mdomo na mikono pamoja.

Pasi akajigusa mwenyewe, akaonyesha mapacha wawili kwa vidole, kisha akatingisha mkono kiunoni kama mtu mwenye funguo nyingi.

*

Usiku ule si baba wala binti aliyegusa chakula cha maana. Kulipokucha Pasi alikuwa ameandika utetezi wake kwenye karatasi ya daftari. Shule aliyopita ilikuwa na walimu waliomfundisha kwa kumpa mgongo, wakiandika ubaoni na kusema papo hapo, na serikali ikawapa vyeti vya utumishi mwema. Basi aliandika kama walivyomfundisha: "Taa kufa siku nyingi. Mimi taa ona. Kengele mimi hapana. Mama Mapacha kwenda wodi. Moshi."

Mzee Soli alisoma mara mbili akakunja karatasi haraka, kama anaficha kitu cha aibu. Aliiona kamati ikipitishiana ile karatasi mkono kwa mkono. Akamshika binti mkono mpaka kwa Mama Chapa, mwanamke wa makamo mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na kituo cha basi, mtani wake wa siku nyingi.

"Mzee Soli! Umeleta kiatu au umeleta kesi?"

"Kesi. Nichapie huu utetezi. Yanyooshe maneno, yawe ya kisomi."

Mama Chapa akavaa miwani, akasoma, akamtazama Pasi, akasoma tena. "Nikiyanyoosha yatakuwa yangu. Siku ya kamati wakimuuliza neno moja nililolitia mimi, atajibu nini?"

"Sasa tufanyeje? Tupeleke hivi wacheke?"

"Kwani kusema anajua?"

"Anajua kwa mikono. Mikono yake haishindwi na mtu."

"Basi aseme kwa mikono. Tutampiga video, tutaiweka humo humo kwenye PDF."

Mzee Soli akamtazama kama anayetazama mtu aliyepigwa na jua. "Mama Chapa, PDF si karatasi?"

"Ni karatasi ya kwenye kompyuta. Hii inakubali kubebeshwa. Nachora kiboksi kwenye ukurasa, naitia video ndani, inatulia pale kama picha. Mtu akiibonyeza, inacheza. Sauti nayo vilevile. Barua yao imesema faili moja la PDF. Imesema popote kwamba lisiwe na mtu ndani?"

Fundi akaitoa barua, akaipitia kwa kidole mpaka chini kwenye sisimizi. Haikusema.

*

Walirekodi hapo hapo, Pasi amesimama mbele ya ukuta mtupu, simu ya Mama Chapa imeegemezwa kwenye katoni za karatasi. Kazi ya Mzee Soli ilikuwa kukaa pembeni na kusema kwa mdomo kile mikono inachosema. Mara ya kwanza Pasi alieleza kwa muda mrefu, akionyesha pipa, taa, bega, moshi, na baba akasema, "Anasema taa ilikufa, hakusikia kengele, anaomba radhi."

Mama Chapa akasimamisha simu. "Mzee wangu, mikono imesema dakika mbili. Wewe umesema maneno saba. Mengine umeyala?"

"Nimefupisha. Wakubwa hawapendi maneno mengi."

"Na hiyo radhi ameiomba wapi?"

Pasi, aliyekuwa akisoma nyuso zao, alimsogelea baba, akamshika kidevu kwa vidole viwili kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa, akafanya ishara moja ambayo hata Mama Chapa aliielewa: Yote. Sema yote.

"Sizijui zote," Mzee Soli alisema, na sauti yake ikaishiwa nguvu. "Huyu mama yake ndiye... Mimi sizijui zote."

Hakuna aliyemcheka. Pasi alivuta stuli, akaketi mbele yake, akaanza upya polepole. Ishara ambayo baba hakuijua, aliichora kwenye karatasi: balbu, ngazi, kitambaa kilichoungua pembeni. Walikaa hivyo asubuhi nzima, wateja wakija na kuondoka na nakala zao. Iliwachukua mara saba kupata video ya dakika mbili na nusu ambayo mdomo na mikono vilimaliza pamoja. Baba alitokwa na jasho kama amebeba magunia.

Bado kitu kimoja: shahidi. Mama Mapacha, aliyeitwa na Pasi kwa ujumbe wa simu, alikuja saa ya mapumziko, akiwa bado na sare, akitazama nyuma kila hatua mbili. "Mimi nina wawili nyumbani wanaonitegemea," alisema kabla hajasalimia. "Bwana Funguo akijua nimekuja huku, kesho barua ni yangu." Akainua simu. "Lakini wiki mbili zilizopita nilimtumia ujumbe wa sauti kuhusu taa. Na alinijibu. Sikuufuta. Sijui kwa nini sikuufuta."

"Utatuachia?" Mzee Soli aliuliza.

Mama Mapacha alimtazama Pasi, ambaye hakuwa amesikia lolote lakini alikuwa amesimama. "Huyu ndiye aliyenishonea sare nilipokuwa mjamzito, ya kwanza iliponibana," akasema. "Chukueni." Akaurusha ujumbe pamoja na jibu lake kwenye simu ya Mama Chapa. "Mie naondoka, saa yangu imeisha."

*

Kazi ya kutia sauti na video ndani ya PDF Mama Chapa aliifanya kama mtu anayetia zipu kwenye gauni la mteja mkorofi. Ujumbe wa simu ulikuwa wa aina ambayo programu yake iliikataa, akaugeuza kwanza. Ukurasa wa kwanza akachapa maneno ya Pasi kama yalivyo, kisha akachora kiboksi ukurasa wa pili, cha sauti, na kingine ukurasa wa tatu, cha video. Programu ikamuuliza maswali na yeye akawa anamsomea fundi, maana alisema kesi ni ya fundi.

"Inauliza: nikiunge tu, au nikipachike ndani?"

"Tofauti yake?"

"Nikikiunga, video inabaki hapa kwenye mashine yangu, karatasi inaionyeshea njia tu. Ukifika huko hospitali wakibonyeza, wanaambiwa haipo. Kuna bwana mmoja alitaka hivyo ili faili liwe jepesi. Alikwenda kuonyesha kazi zake kwa mwajiri, kikatoka kiboksi cheusi. Akarudi hapa kunitukana."

"Pachika. Pigilia misumari kabisa."

"Inauliza: ianze ikibonyezwa, au ianze yenyewe ukurasa ukifunguka?"

Mzee Soli akafikiri. "Wakubwa kubonyeza watabonyeza?"

"Video wataibonyeza, wataona mtu. Sauti haina sura." Mama Chapa akagonga kitufe. "Sauti ianze yenyewe."

Akaiwekea video picha ya juu, Pasi ameinua mikono yote miwili, na alama ya pembe tatu katikati. Akalihifadhi faili kwenye flashi, akalijaribu kwenye kompyuta ya jirani yake wa duka la dawa ili ahakikishe linacheza mbali na nyumbani. Likacheza. Mzee Soli alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye karatasi, akajishika kofia.

*

Ijumaa saa sita alikuwa kwenye foleni ya masjala ya hospitali, flashi mfukoni mwa shati, mkono juu yake. Ilipofika saa nane akafika dirishani. Karani alikuwa mwanamume mwenye tai ya kijani na kucha safi, na hakuinua macho.

"Utetezi wa nidhamu," Mzee Soli alisema. "PDF. Faili moja."

Karani akachomeka flashi, na kabla fundi hajavuta pumzi, printa ikaanza kuguna. Zikatoka karatasi tatu. Karani akazigonga muhuri, moja, mbili, na wa tatu ukamtua Pasi usoni. Kisha akazipitisha kwenye skana.

"Ndugu yangu, unafanya nini?"

"Utaratibu. Kinachokuja kinachapwa, kinagongwa muhuri, kinaskaniwa, kinaingia jaladani."

"Lakini kilikuwa PDF tayari."

"Na sasa ni PDF yenye muhuri."

"Mle ndani kuna video! Kuna sauti! Bonyeza hapo katikati, kwenye pembe tatu."

Karani ndipo alipoinua macho. Akaichukua karatasi ya tatu, akaibonyeza kwa kidole cha shahada, mara mbili, akaitegea sikio. "Mzee," akasema, "mbona haongei?"

Foleni nzima ikacheka. Hata mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni alicheka, na Mzee Soli hakumlaumu, maana kichekesho kilikuwa kizuri. Aliyemlaumu ni yule aliyekaa ghorofani akaandika PDF kwenye barua bila kujua kwamba huku chini PDF huuawa kwanza ndipo ipokelewe. Watu wa namna hiyo hupanda lifti wakitutungia sheria, halafu hawashuki kuona zinavyotembea.

"Niachie basi hiyo flashi iende kwa kamati."

"Flashi haziruhusiwi. Kamati inasoma karatasi." Akamrudishia, pamoja na risiti. "Anayefuata."

*

Mama Chapa alimwona akija, akajua kwa mwendo. Ilikuwa saa tisa na robo. Fundi alieleza huku amesimama, kofia mkononi, na alipofika kwenye muhuri wa usoni akashindwa kuendelea. Pasi, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi, hakuuliza kitu. Aliona risiti na uso wa baba, akajifunika macho kwa viganja.

"Lete ile barua," Mama Chapa alisema.

"Barua imeshatumaliza."

"Lete nikwambie."

Aliigeuza. Nyuma, chini ya anwani na nembo, palikuwa na barua pepe ya katibu wa kamati. "Hawa wameandika wenyewe. Masjala ni njia moja, hii ni nyingine." Akaandika, akaambatisha, akatuma. Baada ya dakika moja ikarudi: faili ni zito mno, mwisho megabaiti kumi. Lao lilikuwa ishirini na nane.

Saa tisa na nusu. Mama Chapa alifungua PDF, akaing'oa video kwenye kiboksi chake, akaipitisha kwenye programu ya kupunguza uzito. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini kama konokono mwenye mimba. Mteja akaja kutaka nakala ya cheti, akaambiwa asubiri, akasema ana haraka, Mzee Soli akamgeukia. "Kaa." Mteja akakaa. Saa tisa na dakika arobaini video ikatoka, nyembamba kidogo lakini mikono inaonekana kila kidole. Akairudisha kwenye kiboksi, akapachika, akahakikisha sauti ya ukurasa wa pili haijaondoka, akatuma.

Wakasubiri. Saa tisa na dakika hamsini ikalia kengele ndogo kompyutani.

"Imejibu: ujumbe wako umepokelewa."

"Umepokelewa na mtu au na mashine?"

"Na mashine."

"Afadhali mashine," alisema Mzee Soli, akaketi.

*

Jumanne kamati ilikaa watu watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na karatasi zake tatu zenye muhuri. Mwenyekiti alikuwa daktari mwanamke, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Bwana Funguo aliketi pembeni na shada lake la funguo kiunoni, mguu juu ya mguu, kama shahidi wa harusi. Pasi aliketi mbele, magoti pamoja. Alikuwa amezipiga pasi nguo za baba yake mpaka fundi akaogopa kukaa.

"Ukurasa wa kwanza nimeusoma," mwenyekiti alisema. "Ukurasa wa pili kuna mchoro wa spika. Ukurasa wa tatu kuna picha ya binti amepunga mikono. Mzee, huu ndio utetezi?"

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. "Ndiyo hali yake," Bwana Funguo alisema kwa upole wa kinafiki. "Tumemvumilia sana. Maskini hata kengele hasikii."

Maneno aliyoyaandaa Mzee Soli tangu Ijumaa, juu ya watu wa ghorofani na lifti zao, yalimjaa mdomoni. Alijua akiyatema atakuwa amejipoza yeye, na mwanawe atakuwa ametoka kazini. Akayameza yote, yakashuka yanakwaruza.

"Mama mwenyekiti," akasema, "hiyo ni video. Masjala waliichapa. Ijumaa saa tisa na dakika hamsini niliituma kwa barua pepe ya katibu. Naomba aangalie tu. Mashine ilinijibu."

Mwenyekiti akamgeukia katibu, msichana aliyekuwa akiandika kumbukumbu kwenye kompyuta ndogo. Katibu akapekua, akateremka, akapanda.

"Ipo," katibu akasema. "Sikuwa nimeifungua, nilijua ni hii hii." Akaigeuza skrini iwatazame, akafungua, akateremsha mpaka ukurasa wa pili.

Sauti ya Mama Mapacha ikajaa chumba. *"Bosi, habari za asubuhi. Taa ya mashine namba tatu imekufa tangu juzi, na mwenzangu kengele hasikii. Ataunguza nguo. Tuletee balbu."* Kisha, bila mtu kubonyeza kitu, ikafuata nyingine, nene, na nyuma yake funguo zinalia: *"Nimesikia. Mpige bega, kwani bega lake limekufa? Balbu si chakula."*

Hakuna aliyemtazama Bwana Funguo mara moja. Walianza na skrini, wakashuka mezani, ndipo wakafika kwake, wote watano. Mguu ulikuwa umeteremka.

"Hii ilikuwa lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Kuna... muktadha, mama mwenyekiti."

"Nimeuliza lini."

"Kama wiki mbili kabla."

Mwenyekiti alivaa miwani, akanyoosha mkono mwenyewe na kubonyeza ile pembe tatu ya ukurasa wa tatu. Pasi wa kwenye skrini akaanza kusema. Pasi wa kwenye kiti akajitazama, na vidole vyake vikawa vinacheza kidogo kwenye goti, vikifuata. Video ilipofika mwisho mwenyekiti alisema, "Tena." Wakaitazama tena. Yule mjumbe wa kukohoa aliweka kalamu chini.

"Siku ya tukio," mwenyekiti alisema, "huyu wa kumgusa bega alikuwa wapi?"

"Wodini."

"Nani alimtuma?"

Bwana Funguo alisema kitu ambacho hata wanaosikia hawakukisikia.

Mwenyekiti akamgeukia Pasi, akasema naye uso kwa uso, wala si kwa baba. "Una la kuongeza?"

Pasi alisimama. Mikono yake haikuwa na haraka. Mzee Soli alisimama pembeni yake, akakaza macho, akasema neno kwa neno: "Anasema pipa lile analifuta vumbi kila asubuhi, analijua lina maradhi gani. Anasema waweke taa mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Anasema... anasema taa moja iwe upande wa meza ya pasi, siyo ukutani tu." Akasita. Pasi alikuwa bado anaendelea, na alimtupia baba jicho. Baba akavuta pumzi. "Anasema pia msimamizi huvuta sigara kwenye chumba cha mashuka safi, na wagonjwa wanalalia moshi. Hayo ni yake, mama, mimi nimeyapitisha tu."

Safari hii kamati ilicheka, na Pasi alipoona meno yao akacheka nao.

Uamuzi uliandikwa kwa lugha yao, ile ya kumfunika mwenye kosa blanketi. Tukio lilitokana na "mapungufu ya kimawasiliano". Mfanyakazi arejee kazini kesho asubuhi, suala lake limefungwa. Mashine namba tatu isiwashwe mpaka taa mbili zifungwe. Msimamizi apewe onyo. Neno samahani halikuonekana mahali popote, na karani wa tai ya kijani, kwa taarifa za watu, bado anachapa. Mzee Soli aliyaona hayo yote, akayaweka upande. Alisoma mstari mmoja tu wa ule uamuzi, "arejee kazini kesho asubuhi", kwa kidole, mara nne, kisha akampa Pasi naye akausoma kwa kidole chake.

*

Walipitia kwa Mama Chapa, ambaye alipiga vigelegele mpaka wa duka la dawa akatoka nje. Kisha wakaenda kwenye banda la viatu, maana kulikuwa na jozi nne zilizoahidiwa watu tangu wiki iliyopita. Jua lilikuwa la saa nane. Pasi aliketi kwenye benchi la wateja, akasema atasaidia kupaka rangi. Alishika brashi, akapaka kiatu kimoja upande mmoja, kichwa kikaegemea nguzo. Tangu barua ifike hakuwa amelala sawasawa. Mdomo ukafunguka kidogo, na mkoromo ukaanza, mnene, wa mtu aliyetua mzigo.

Mzee Soli alimtoa brashi mkononi taratibu. Akaikunja aproni yake, akaipenyeza kati ya kichwa na nguzo.

Akafika bwana mmoja wa viatu vyeusi, mwenye sauti ya kuuzia mnada. "Fundi! Vipi mzigo wangu, umeisha au tugombane?"

"Shusha sauti," Mzee Soli alisema. "Mwanangu amelala."

Bwana yule akamtazama Pasi, akamtambua. "Huyu? Si hasikii huyu, mzee?"

"Najua," alisema Mzee Soli, akichukua kiatu chake na kutafuta mahali pa kupiga gundi badala ya nyundo. "Shusha."